Kusafirisha betri kubwa za lithiamu kwa lori: mwongozo kamili wa kufungasha na kupakia, kutoka ghala la Dar hadi Mwanza

Betri ya sola ya kilowati-saa tano ikishuka bandarini Dar es Salaam huwa imefungwa vizuri kuliko itakavyofungwa tena maisha yake yote. Imekaa kwenye katoni ngumu, sponji imeizunguka, kofia nyekundu na nyeusi zimefunika ncha zake, na ubavuni kuna lebo ya mistari. Bila hayo meli isingeipokea. Balaa huanza siku kontena linapofunguliwa. Katoni zinatupwa ili mzigo usile nafasi, betri zinalazwa uchi kwenye fuso juu ya godoro kuukuu, mabati yanawekwa juu yake, na safari ya Kanda ya Ziwa inaanza usiku.

Ninamwandikia mtu anayetuma mzigo wa namna hiyo: muuzaji wa sola, fundi aliyepata kazi ya zahanati au shule, mwenye lori aliyeletewa mzigo asioufahamu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: betri 20 za volti 51.2 na ampea-saa 100, kila moja kilo 48, zinatoka Dar kwenda Mwanza kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga.

Kuhusu kanuni zenyewe: mama yao ni kitabu cha Umoja wa Mataifa cha usafirishaji wa bidhaa hatari, ambacho watu wa kazi hii wanakitambua kwa jalada lake la rangi ya chungwa. Humo ndimo zilimotoka IMDG ya baharini, kanuni za anga, na ADR inayotumika barabarani Ulaya. Betri zako zimekuja kwa meli chini ya IMDG, kwa hiyo zimeingia nchini zikiwa tayari na namba, lebo na hati. Kazi yako kubwa ni kutoviharibu hivyo njiani. Vibali vya nchi, kama vile vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa chombo cha usafiri, vinaongezwa juu ya kanuni hizi na haviziondoi. Ulizia kabla ya safari ya kwanza, usisubiri kuulizwa barabarani.

Kwanza, jua unachobeba

Tafuta kibandiko cha kiwandani na upige hesabu moja: volti mara ampea-saa. Volti 51.2 mara 100 ni wati-saa 5,120. Ile ndogo ya volti 12.8 na ampea-saa 200 ni wati-saa 2,560. Mpaka unaotenganisha betri ndogo zenye nafuu ya masharti na betri zinazobeba kanuni zote ni wati-saa 100 kwa betri nzima, au 20 kwa seli moja. Karibu kila betri ya sola au ya pikipiki ya umeme iko mbali sana juu ya mpaka huo, kwa hiyo usihangaike kutafuta msamaha. Ni bidhaa hatari ya daraja la 9.

Namba yake ni UN3480 ikiwa ni betri ya lithiamu-ioni peke yake. Ikiwa ndani ya kifaa, mfano taa ya sola ya barabarani yenye betri tumboni, namba inakuwa UN3481. Pikipiki au bajaji nzima inayotembea kwa betri hiyo, kwa matoleo mapya ya kanuni, ni UN3556. Ukiing'oa betri na kuisafirisha peke yake, unarudi UN3480. Yale makontena makubwa yaliyojengewa mfumo mzima wa betri ndani yana namba yao, UN3536, na si kazi ya mwongozo huu.

Kisha muombe aliyekuuzia muhtasari wa majaribio ya UN 38.3. Ni karatasi inayoonyesha kwamba muundo wa betri hiyo umepitia majaribio yaliyowekwa: hewa nyepesi ya juu angani, joto na baridi, mtikisiko, mshtuko, shoti ya nje, kugongwa au kubonyezwa, kuchajiwa kupita kiasi, na kulazimishwa kuisha chaji. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mtengenezaji na wasambazaji wanaomfuata wanatakiwa kuwa nayo na kuitoa. Muuzaji anayekujibu "hiyo karatasi ni ya ndege tu" amekosea, au hana.

Hapa kuna jambo linalowauma mafundi wetu. Betri uliyoiunga mwenyewe, seli 16 na BMS (saketi ya kusimamia na kulinda betri) ndani ya boksi la chuma ulilochomelea, haina muhtasari huo hata kama kila seli ina wake. Seli kupita majaribio hakumaanishi betri imepita. Betri za majaribio na zile zinazotengenezwa chache, zisizozidi 100 kwa toleo, zina agizo lao la ufungashaji lililo kali zaidi, P910, lenye kudai vihami visivyoshika moto ndani ya kasha. Ukishindwa hilo, njia salama ni kusafirisha seli na BMS mbalimbali, kila kitu kwenye kasha lake, na kuiunga betri kule itakakofungwa.

Pili, betri yenyewe inafaa kusafiri?

Hii ni hatua ya dakika tano kwa kila betri, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Tazama kama boksi limevimba au kubonyea. Weka kiganja: betri iliyolala tangu jana haipaswi kuwa na joto. Nusa. Elektroliti ikivuja ina harufu tamu inayopanda puani, inafanana na ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Uliza kama iliwahi kudondoka au kuingiwa na maji. Mafuriko ya Dar yameloweka maghala mengi, na betri iliyokaushwa kwa nje bado ina maji kwa ndani.

Yoyote yenye dalili hizo inatoka kwenye mzigo wa kawaida. Betri mbovu au iliyoharibika inafuata agizo P908: kila moja peke yake kwenye kifungashio cha ndani, imezungukwa na kihami cha joto kisichoungua wala kupitisha umeme, vemikulaiti kwa mfano, na kasha la nje liwe limeidhinishwa. Ikizidi uzito wa kilo 30, inakaa moja tu kwa kasha. Nje yanaandikwa maneno ya kanuni yanayotaja kwamba ni betri iliyoharibika. Na ile inayofuka, inayozomea kama chupa ya soda au inayopata joto yenyewe, haipandi lori hata kidogo. Itoe nje ya jengo, iweke mbali na kila kitu, na uwaite Zimamoto. Kuisafirisha kunahitaji masharti maalumu ya mamlaka husika, agizo P911, na hilo si la kuamuliwa na dereva.

Betri zilizokufa zinazokwenda kuchakatwa nazo zina agizo lao, P909, na kwa sheria za mazingira ni taka hatarishi. Anza na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla hujaanza na lori.

Tatu, itayarishe

Zima swichi kuu ya betri. Ondoa nyaya za mawasiliano na nyaya nene za umeme. Betri zilizokuwa zimeungwa pamoja kwenye kabati zitenganishwe zote. Usisafirishe kabati lenye betri sita zikiwa bado zimeungana eti kwa sababu zote zimezimwa.

Ncha ndizo zenye kuhitaji uangalifu. Rudisha kofia za kiwandani. Zikiwa zimepotea, ng'oa bolti, funika ncha kwa tepu ya umeme tabaka kadhaa, kisha valisha kipande cha mpira wa bomba kilichokatwa kwa kipimo chake na ukifunge kwa tepu tena. Tepu peke yake haitoshi: kilomita elfu moja za mtikisiko zinaisugua mpaka inatoboka. Chanya na hasi zifunikwe zote mbili. Nimeshakuta fundi amefunika nyekundu tu kwa imani kwamba "nyeusi haina moto", wakati shoti inahitaji chuma kimoja tu kinachogusa zote mbili, na boksi la betri nalo ni chuma.

Chaji iwe kiasi gani? Kwa ndege, betri zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kuzidi asilimia 30. Barabarani kanuni haiweki kikomo hicho, lakini sababu yake haibadiliki kwa kuwa uko chini: betri yenye chaji kidogo ina nishati kidogo ya kutoa ikiharibika. Mimi naacha kati ya asilimia 30 na 50. Chini ya hapo, mzigo ukikwama wiki kadhaa, BMS inaweza kujifunga na ukapata simu za malalamiko kutoka Mwanza. Usipime kwa mita ya volti, maana volti ya kemia ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), ambayo ndiyo ya betri hizi, hubadilika kidogo sana kati ya nusu na robo tatu. Soma kwenye taa au skrini ya betri yenyewe.

Na kwa kuwa tumeitaja LFP: ni kweli ni tulivu kuliko betri za nikeli zilizomo kwenye magari mengi ya umeme. Muuzaji akikwambia haiwaki kabisa, msamehe, anauza. Seli yake ikibonyea au kupata shoti ya ndani hupanda joto yenyewe, humwambukiza jirani yake, na hutoa gesi ambayo inawaka na ina sumu.

Nne, kasha

Kanuni inayotawala betri ya lithiamu isiyo na hitilafu ni agizo P903, nalo lina milango miwili. Ukijua uko mlango upi, umemaliza nusu ya kazi.

Mlango wa kwanza ni wa seli na betri za kawaida. Hizo zinataka kasha lililojaribiwa na kuidhinishwa kwa kiwango cha kundi la pili la ufungashaji, yaani la hatari ya wastani. Utalitambua kwa alama iliyochapwa: duara dogo lenye herufi u na n, kisha mfuatano kama 4G/Y30/S/25. Isome hivi. 4G ni boksi la katoni ngumu. Lingekuwa la plaiwudi lingeandikwa 4D, pipa la chuma lenye mfuniko unaotoka lingekuwa 1A2. Y ni kiwango cha jaribio: X na Y zinafaa kwa betri, Z haifai. 30 ni uzito wa juu kabisa wa kasha pamoja na vilivyomo, kwa kilo. S ni vitu vigumu, na 25 ni mwaka lilipotengenezwa. Mtu akikuletea katoni nzuri, nene, isiyo na alama hiyo, ni katoni nzuri tu.

Mlango wa pili ndio wa betri zetu 20. Betri yenye uzito wa kilo 12 au zaidi, na yenye boksi lake imara linalohimili kugongwa, inaruhusiwa kusafiri kwenye kifungashio imara cha nje, au ndani ya kreti la mbao, lililofungwa kote au la fito, au hata juu ya paleti, bila kasha hilo kuwa na alama ya UN. Masharti yake mawili yanabaki palepale: betri ifungwe isitembee, na ncha zisibebe uzito wa kitu kingine chochote.

Soma tena sharti la uzito, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojidanganya. Zile seli tupu za volti 3.2 na ampea-saa 280 ambazo mafundi wanaziagiza kwa wingi zina wati-saa 896 kila moja, lakini uzito wake ni kilo tano na kitu. Hazifiki 12. Ganda lake ni aluminiamu nyembamba unayoweza kuibonyeza kwa bisibisi. Kwa hiyo seli 16 zinazokwenda kuungwa Mwanza zinapita mlango wa kwanza, kwenye kasha lenye alama, kila seli imetenganishwa na mwenzake, ilhali betri nzima yenye uzito mara tisa yake inaweza kukaa kwenye kreti la seremala wa Keko. Inaonekana kinyume, lakini kinachoangaliwa ni ganda, si ukubwa.

Kwa betri yenye boksi imara, chaguo langu la kwanza ni katoni yake ya asili, sponji zake zilezile, mishale miwili ikitazama juu. Ikiwa imelowa, imechanika au imekaa stoo hadi ikalegea, tengeneza kreti. Mbao za inchi moja, plaiwudi ya milimita 12 chini na juu, skrubu badala ya misumari. Msumari uliopitiliza ndani ni kisu kinachosubiri tuta la kwanza. Acha sentimita tano pande zote na ujaze sponji ngumu, ile isiyorudi nyuma kwa urahisi. Godoro laini halifai, kwa kuwa betri ya kilo 48 itaizamisha sponji ya namna hiyo hadi chini na kuanza kucheza. Kabla ya kufunga, litikise kasha. Ukisikia chochote, fungua.

Vitu vya chuma, yaani bolti, nyaya za kuungia, funguo, vifungwe kwenye mfuko wake na kukaa kwenye katoni nyingine. Najua kiwandani huviweka humohumo. Huko huwa na kichumba chake. Wewe huna.

Tano, paleti

Kwa betri 20 natumia paleti nne, tano kwa kila moja, katoni zikilala kifudifudi au zikisimama kwa kadiri mishale inavyosema. Usizidi idadi ya kupandanisha iliyochapwa kwenye katoni. Isipokuwepo, ziweke tabaka moja. Katoni isichungulie nje ya ukingo wa paleti hata kwa vidole viwili, kwa maana pembe inayoning'inia ndiyo inayogongwa na uma wa foklifti.

Weka kipande cha plaiwudi juu ya tabaka la mwisho, vilinda pembe kwenye kingo nne, kisha kaza kwa mikanda ya plastiki. Mikanda ya bati iache. Nailoni ya kuviringisha inazuia vumbi na mvua kidogo. Haizuii mzigo kutembea, na anayeitegemea kwa hilo hajaona paleti likilala kwenye mteremko wa Sekenke. Ukilizungushia paleti nailoni mpaka lebo za ndani hazisomeki, paleti lenyewe linahesabiwa kuwa kifungashio cha juu kinachokusanya makasha mengi: rudia lebo na namba upande wa nje na uandike neno OVERPACK kwa herufi zisizopungua milimita 12.

Sita, lebo na karatasi

Kila kasha liwe na lebo ya daraja la 9A: mraba uliosimama kwa pembe, mistari saba myeusi ya wima nusu ya juu, chini yake picha ya betri zenye mwali wa moto na namba 9. Kipimo chake ni milimita 100 kwa 100. Pembeni iandikwe UN3480, urefu wa herufi milimita 12 kwa kasha linalozidi kilo 30. Kwa mzigo utakaopanda meli, andika pia jina rasmi LITHIUM ION BATTERIES. Haliandikwi kwa Kiswahili, kwa kuwa ofisa yeyote wa bandari yoyote anatafuta maneno hayohayo.

Kwenye lori lenyewe kibao ni cha daraja la 9 la kawaida, milimita 250 kwa 250, si 9A. Kosa la kubandika 9A kubwa ubavuni mwa tela ni la kila siku.

Hati ya mzigo inaandikwa kwa mpangilio huu: UN3480, jina rasmi, daraja 9, idadi na aina ya makasha, uzito, mtumaji, mpokeaji. Kwa mfano wetu: makasha 20, betri kilo 960. Betri za lithiamu hazina kundi la ufungashaji la kuandika kwenye hati, hata kama kasha lake linajaribiwa kwa kiwango cha kundi la pili. Wakala akikurudishia fomu eti hujajaza, mwelekeze. Ambatanisha muhtasari wa UN 38.3, namba za betri zote, na namba ya simu ya mtu anayejua mzigo na atakayepokea saa nane za usiku. Nakala moja ikae ndani ya kabini, nyingine ibaki ofisini. Ikiwa hati ipo nyuma pamoja na mzigo, siku ya moto hakuna atakayeisoma.

ADR ya Ulaya inalegeza baadhi ya masharti ya gari na dereva kwa mzigo wa betri usiozidi kilo 333. Betri sita zetu zingepita (kilo 288), ya saba ingetuvusha. Ni kipimo kizuri cha kujiuliza hata hapa: chini ya hapo ni kifurushi kikubwa, juu yake ni safari ya mzigo hatari na inastahili dereva aliyeelekezwa.

Wala usiziweke kwenye basi. Najua ni rahisi, najua inafika kesho asubuhi, na najua kondakta hatauliza. Chini ya viti hamsini vyenye watu wamelala si mahali pa kilowati-saa tano.

Saba, lori na kukaza

Chagua bodi lililofungwa au lenye turubai zima, sakafu kavu isiyo na misumari wala mafuta yaliyomwagika. Betri zisichanganywe na mitungi ya gesi, petroli, rangi, tina, wala dawa za mashamba. Nondo na mabati pia hapana, si kwa sababu vinaungua, bali vinatembea na vinapitisha umeme.

Paleti zianzie ukuta wa mbele wa bodi, zikigusana, bila pengo. Chini ya kila paleti tandika mpira. Vipande vya tairi la ndani vinafanya kazi hiyo vizuri na havina bei. Ukazaji unaokubalika kimataifa unataka mzigo uweze kuhimili nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kwenda mbele dereva akifunga breki, na asilimia 50 kwenda pembeni na nyuma. Paleti lenye kilo 260 lina kilo 208 zinazotaka kuingia kabini. Kamba ya katani haizijibu. Tumia mikanda ya racheti, miwili kwa kila paleti, ikipita juu ya plaiwudi na vilinda pembe, na ukaze mpaka mkanda unalia ukiupiga, usiendelee mpaka katoni inajikunja. Pengo linalobaki nyuma lizibwe kwa mbao zilizopigiliwa sakafuni au paleti tupu. Mzigo wa juu kabisa uwe hewa: hakuna gunia, hakuna baiskeli ya utingo.

Mtungi wa kuzimia moto uwepo. ADR inataka jumla ya kilo 12 za poda kwa gari linalozidi tani 7.5, kilo 8 kwa la kati, kilo 4 kwa lisilozidi tani 3.5. Elewa kazi yake: ni wa moto wa tairi, breki na injini, kabla haujafika kwenye betri. Betri ikishaanza, poda haiizimi. Ongeza kigingi cha kuzuia tairi, vibao viwili vya tahadhari, tochi, glavu, miwani na maji ya kuoshea macho.

Piga picha kila paleti kabla ya kufunga milango, zenye namba za betri zikisomeka. Siku ya madai ya bima, picha hizo ndizo zitakazoeleza nani aliharibu nini.

Nane, njiani

Mikanda hulegea baada ya mzigo kujipanga. Simama baada ya kilomita hamsini za mwanzo uikaze, kisha kila mapumziko. Ukiegesha, tafuta kivuli na epuka kulala katikati ya malori ya mafuta. Dereva afundishwe dalili tatu: harufu tamu, mvuke mweupe unaotoka bodini, na mlio wa kuzomea au kupasuka.

Akiona mojawapo, atoe lori barabarani mbali na nyumba na vituo vya mafuta, azime injini, achukue hati, aondoke yeye na utingo kwenda upande upepo unakotoka, na apige 114 akitamka neno lithiamu. Asifungue milango kuchungulia. Gesi iliyojaa ndani inasubiri hewa tu. Mwongozo wa dharura unaotumiwa Amerika Kaskazini unataka watu wakae mita 25 mbali betri zikiwa zimemwagika au kuvuja, na mita 500 tela likiwa linawaka. Waokoaji watatumia maji mengi, kwa lengo la kupoza betri za jirani. Na moto ukionekana umekwisha, haujaisha: huweza kurudi baada ya saa au siku. Tarehe 26 Julai 2024 lori lililobeba betri kubwa za lithiamu lilipinduka karibu na mji wa Baker, California, likawaka, na barabara kuu ya I-15 kati ya Los Angeles na Las Vegas ikafungwa kwa karibu siku mbili, nchi yenye magari ya zimamoto kila upande. Fikiria ni katikati ya Igunga na Nzega.

Tisa, kupokea

Mpokeaji wa Mwanza asisaini kabla hajafungua. Akague kila kasha kwa nje, apige picha lililobonyea, kisha arudie ule ukaguzi wa dakika tano: umbo, joto, harufu. Betri iliyodondoshwa wakati wa kushusha iwekwe nje ya jengo, chini ya paa, mbali na nyingine, iangaliwe siku kadhaa kabla ya kuamuliwa. Makuli waambiwe mapema, kwa upole, kwamba kusema "imeanguka" hakutakatwa kwenye ujira wao, vinginevyo hutaambiwa.

Katoni na sponji zihifadhiwe stoo, angalau tatu au nne kwa kila mzigo, maana betri ya garantii itarudi Dar siku moja na hakuna boksi la kununua Mwanza litakaloitosha. Zile zinazogawiwa majirani kwa kuwekea nguo au vifaranga, chana lebo ya 9A kwanza.